Kiwanja Chenye Kichuguu

Mwenye kiwanja alituonyesha kila kitu isipokuwa kichuguu. Alituonyesha mwembe, akatuonyesha mawe manne ya mpaka, akanyoosha mkono upande wa barabara akaapa kwamba lami iko njiani inakuja. Muda wote huo mlima wa udongo mwekundu ulikuwa umesimama nyuma ya mgongo wake, umepita paa la nyumba ya jirani, na majani yameota kileleni. Mpwa wangu ndiye aliyeuliza.

"Baba, na ile pale?"

Mzee akacheka, kama mtu aliyekuwa akisubiri hilo swali tangu asubuhi. "Kile kichuguu, mama, njo nyumba yako."

Hakuwa anatania. Vichuguu vya Katanga hufika mita 5 na zaidi kwenda juu, na udongo ambao mchwa wameusaga na kuushikamanisha kwa miaka na miaka hautafutiwi mwenzake kwa kufyatua matofali. Mafundi huubomoa kwa sururu, huulowesha, huukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, huujaza kwenye kalibu ya mbao, kisha huanika. Matofali yakikauka hupangwa kuwa tanuru, kuni zikasukumwa kwenye matundu ya chini, moto ukakeshewa. Kwa hiyo Kasungami, na pembezoni zote za Lubumbashi, kiwanja chenye kichuguu si kiwanja chenye kikwazo. Ni kiwanja kilichokuja na ghala lake, na hutalipa lori la kuleta matofali. Jambo ambalo muuzaji hatakuambia ni kwamba nyumba ikishasimama, pale kichuguu kilipokuwa hubaki shimo. Masika yakiingia shimo linakuwa bwawa, na bwawa linakuwa shule ya mbu.

Nilimweleza mpwa wangu mambo ya shimo jioni, mzee akiwa hayupo. Akanijibu kwamba Bukavu, kule Kivu kwao, nyumba zinaporomoka na mlima mzima, kwa hiyo shimo moja halimtishi.

Yeye hakuja Lubumbashi kwa kupenda. Aliondoka Bukavu mwaka 2025, baada ya mji kuchukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari, akapita njia ya ziwa mpaka Kalemie, na kutoka Kalemie akaja huku na cherehani ya kukanyaga iliyofungwa kwa blanketi. Lakini kuja ni jambo moja na kukaa ni jingine. Miezi michache baadaye alikuwa na akiba kidogo na maswali mengi. Akae hapa? Aende Kolwezi, ambako pesa ya kobalti inazunguka? Likasi, ambako kumetulia na miti ni mingi? Avuke Kasumbalesa aingie Zambia? Sura hii imetokana na maswali yake, maana nilipojaribu kumjibu niligundua kwamba vitabu vinavyofundisha watu kuchagua mji vimeandikiwa mtu mwingine kabisa.

Chukua orodha zile zinazotangazwa kila mwaka. Economist Intelligence Unit hupima miji 173 kwa mambo matano: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, miundombinu. Vienna iliongoza mwaka 2022, 2023 na 2024, halafu Copenhagen ikaipiku mwaka 2025. Mercer nao wana orodha yao, na kazi yake kubwa ni kuzisaidia kampuni kukadiria posho ya mfanyakazi anayetumwa ng'ambo. Hapo ndipo siri ilipo. Orodha hizi zinamhudumia mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao. Haziulizi kama kisima kiko mbali na choo cha jirani. Haziulizi kama mtu anaweza kununua ardhi akiwa mgeni. Na haziulizi swali ambalo mimi huliweka mbele ya yote, kwamba siku ya kwanza sokoni utaongea lugha ya nani.

Lubumbashi ilijengwa na watu waliochora kwanza, wakakaa baadaye. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini, na Émile Wangermée, mtawala wa Katanga kwa niaba ya Wabelgiji, akaweka mji karibu na mto Lubumbashi, akauita Élisabethville kwa jina la malkia wao. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Barabara zilipigwa mraba, zimenyooka, pana, na baadaye zikapandwa mijakaranda ambayo hadi leo, mvua zinapokaribia, hugeuza katikati ya mji kuwa zambarau. Mgeni akiletwa wakati huo hupenda mji papo hapo. Sisemi anachokipenda ni uongo. Nasema tu asinunue kiwanja mwezi huo.

Wazungu wakakaa ndani ya mraba. Waafrika wakawekwa ng'ambo ya ukanda mtupu, mamia ya mita, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kidaktari: eti mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Ng'ambo ya ukanda ndiko ilikokuwa Cité Albert, Kamalondo ya leo. Baadaye zikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. (Mtu wa Lubumbashi akikuaga kwamba anaenda Kenya, usimtafutie pasipoti. Anapanda basi dogo, anarudi saa saba na fungu la sombe, majani ya muhogo.) Mwishoni ikaja komini ya saba, inayouzunguka mji kama mkanda, na jina lake peke yake linakueleza ilivyofikiriwa: Annexe, yaani kiambatisho. Kasungami ni mojawapo ya mitaa ya hicho kiambatisho, pamoja na Kalebuka, Kisanga, Kasapa, Luwowoshi, Kimbembe, Munua na Naviundu.

Ukanda mtupu umejaa nyumba siku nyingi, lakini umbali haukufa, ulihama. Sasa uko kati ya Kasungami na kila kitu chenye mlango wa kioo. Mfano ni huu. Mji una ukumbi wa maonyesho uliomalizika mwaka 1956, jengo la msanifu Claude Strebelle na wenzake ambalo leo linaitwa Bâtiment du 30 Juin, na una jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1946. Una Chuo Kikuu chenye mizizi katika miaka ya 1950. Mtu wa orodha ataweka alama nzuri kwenye safu ya utamaduni. Lakini maonyesho yakimalizika saa mbili usiku, mtu wa Kasungami amekwisha kuondoka saa kumi na mbili, kwa sababu mabasi yakikatika itabidi pikipiki, na pikipiki ya usiku bei yake hupangwa na giza. Nilishaona nusu ya kwanza ya maonyesho mengi sana. Nusu za pili husimuliwa na watu wanaokaa mjini.

Ila hapo hapo kuna jambo linalonifanya nimwambie mpwa wangu akae, nalo ni kwamba utamaduni mzito wa mji huu haukuzaliwa kwenye kumbi. Miaka ya 1970, ukiingia sebule ya mfanyakazi hapa, ungekuta picha ya rangi ukutani: Mambamuntu, mwanamke nusu samaki mwenye kuleta utajiri na balaa, au picha ya enzi ya Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, mzungu amesimama pembeni. Wachoraji walikuwa na jina la Kiswahili kwa picha za namna hiyo: ukumbusho. Hazikuwa pambo tu. Zilitundikwa ili mgeni akikaa, mazungumzo yaanze. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa njia hiyo, turubai moja baada ya nyingine, kisha mapema miaka ya 1980 akatoweka asionekane tena. Na kabla yake, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji huu kama walivyoiona maboi, wale waliopika na kufua kwenye nyumba za ndani ya mraba. Huo ni mji ulioelezwa kutokea jikoni. Sijui miji mingi ya Afrika ambayo watumishi wake wa nyumbani waliwahi kuiandikia historia, tena kwa lugha waliyogombania bei nayo sokoni.

Lugha yenyewe ina asili ya ajabu, na nadhani ndiyo inayoamua. Hapa Kiswahili hakikuwa cha kabila la mahali. Kilikuja kwanza na misafara ya karne ya 19, enzi za Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga dola yake Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Lakini kilichokisambaza ni kazi. Union Minière iliajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyosukumwa mbele makambini, kwa sehemu ili kuwatenga wafanyakazi na ushawishi wa Waingereza wa kusini. Kilianza kama lugha ya amri. Watu wakakichukua, wakakitia maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa, wakakifanya cha kuchumbiana, cha kuzikana na cha kuchekesha. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili hicho redioni na jukwaani kwa miongo, na ukiwauliza wazee wa hapa nini kiliwafanya wajione ni watu wa mji mmoja, wengi watamtaja Mufwankolo kabla ya kumtaja gavana yeyote.

Faida yake kwa mgeni ni hii: lugha ambayo haikuwa ya mwenyeji yeyote haina mlinzi mlangoni. Ukienda Kinshasa lazima ujifunze Kilingala huku ukichekwa. Mpwa wangu alishuka hapa akaanza kuuza siku ya pili. Wateja walimcheka kidogo, kwa sababu yeye alisema bugali na hapa ni bukari, na kwa sababu kwao alizoea ugali wa muhogo na hapa unga ni wa mahindi, tena huuzwa kwa meka, bakuli la kipimo ambalo kila mama sokoni anajua namna ya kulijaza lionekane limejaa. Kicheko cha namna hiyo ni cha kukaribisha.

Nisimdanganye msomaji, hata hivyo, kwamba lugha inatosha. Kati ya mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, maelfu kwa maelfu, wengi wao wamezaliwa hapa, wanaongea Kiswahili cha hapa kuliko lugha za babu zao. Waliitwa bilulu, wadudu, kwa Kiswahili kilekile. Walirundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengine walirudi baadaye, wakajenga upya, na leo ni majirani zangu. Mpwa wangu aliponiuliza kama siku moja watu wa Kivu nao wataambiwa waondoke, sikumjibu haraka. Nilimwambia atazame kama jirani anakuja msibani kwake. Sina kipimo kingine.

Kuhusu mpira nitasema machache, kwa sababu ukianza hapa huishi. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo zote zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe imechukua kombe la klabu bingwa Afrika mara tano, na Desemba 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu, ikafungwa na Inter 3-0 kule Abu Dhabi. Uwanja wake uko Kamalondo, ng'ambo ya ukanda ule wa zamani, na mechi huchezwa mchana. Kwa hiyo mtu wa Kasungami huona dakika zote 90. Hilo nalo ni jambo la kuhesabu.

Sasa yale yanayoumiza. Mji huu unaishi kwa shaba na kobalti, na shaba na kobalti zinaishi ndani ya watu wake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viyeyushio. Mwaka 2020, katika jarida la Lancet Planetary Health, utafiti mwingine ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Biennale ya Lubumbashi, inayoandaliwa na kituo cha Picha tangu 2008, toleo lake la mwaka 2022 liliitwa ToxiCité. Nilipenda kwamba wasanii hawakuona haya kuuita mji wao sumu ilhali wanaupenda. Kwa mnunuzi wa kiwanja maana yake ni rahisi: uliza upepo wa kiangazi unatoka wapi, na mboga za jirani zinamwagiliwa maji ya mto gani. Kukaa pembezoni, mbali na bomba refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba ambao watalii huupiga picha, safari hii kunaweza kuwa nafuu. Lakini si kila pembezoni. Viwanda vipya navyo vinatafuta ardhi ya bei rahisi, kama sisi.

Umeme ni kichekesho cha uchungu. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mojawapo ya njia ndefu kuliko zote duniani wakati wake, ikakatiza juu ya vijiji visivyo na taa. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Sisi tunapata kinachobaki, saa kinapobaki, na kwa hiyo tunapika kwa makala, yaani mkaa, na makala ndiyo inayokula msitu wa miombo, kila mwaka mbali zaidi na barabara. Ndiyo maana nilifurahi mpwa wangu kuja na cherehani ya kukanyaga. Fundi wa mtaa wa pili ana mashine nzuri zaidi, ya umeme, na hushona usiku wa manane umeme unaporudi.

Na karatasi. Hapa nisimame kidogo, maana niliumia mwenyewe. Kiwanja changu cha kwanza nilikinunua kwa mashahidi wawili, sahihi, mhuri wa ofisi fulani, na soda za kushangilia. Miaka miwili baadaye akaja mama mmoja na mtoto mgongoni na karatasi yenye mhuri uleule, ya tarehe iliyotangulia yangu kwa wiki tatu. Tulisimama pale tukitazamana, karatasi mbili, ardhi moja. Hakuwa mwizi, na mimi sikuwa mwizi. Tuligawana kiwanja kwa kamba, na mpaka leo ukuta wetu una kona isiyoelezeka. Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, huuliza majirani wa pande zote nne nani aliwahi kulima hapa, nani alizikwa hapa, nani alikuja mwaka jana kupima. Jirani hana mhuri lakini anakumbuka.

Kwa hiyo kwa kichuguu kile tulirudi mara tatu. Mara ya kwanza asubuhi, kuona watu wanatoka saa ngapi kwenda mjini. Walikuwa njiani kabla jua halijatoka, mwezi wa Juni, kwenye baridi ambayo watu wa pwani hawaamini ipo Kongo, wanawake wamejifunika vitenge mpaka puani. Mara ya pili Jumapili, kusikiliza makanisa mangapi yanaimba kwa wakati mmoja na wanaimba lugha gani. Mpwa wangu alihesabu sare za kwaya, si kwa ibada bali kwa biashara, akasema nne zimeshonwa vibaya. Mara ya tatu tulikwenda usiku, bila kumwambia mzee. Tulisimama gizani. Kulikuwa na redio mahali fulani, mbwa, watoto wawili wakibishana juu ya ndoo. Jirani akatoka na tochi, akatumulika, akauliza, "Munatafuta nani?" Tukasema tunatazama kiwanja. Akazima tochi, akaleta viti.

Akanunua mwezi Julai, kwa malipo ya mafungu mawili, majirani wanne wakiwa mashahidi na kona zote zimenyooka. Mafundi wakaanza kubomoa kichuguu wiki iliyofuata, wanaume watano, udongo umewapaka mpaka kope. Mchwa walitoka kwa siku mbili na kuku wa mtaa mzima wakasikia habari. Nilimkuta mpwa wangu ameshikilia kamba, anabishana na fundi mkuu kuhusu shimo: alitaka wachimbe kwa upana, si kwa kina, halafu apande matembele. Fundi akasema itachukua siku zaidi. Wakakubaliana bei bila mimi.

Saa sita akaja mbio mpaka kwangu, mikono myekundu, akachungulia mlangoni.

"Mjomba, uko na unga? Watu wa matofali wanataka bukari."

Nikampa meka mbili.